Ngazi Sabini na Nne

Alinikuta bado nimevaa joho. Wenzangu wa idara walikuwa ukumbini wanamalizia soda na keki, mimi nimekimbilia ofisini kubadilisha viatu, maana vile vya kisigino vilikuwa vimenitesa tangu saa tatu asubuhi. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Niligeuka natabasamu, kiatu kimoja mkononi, kwa sababu katika jengo lile lote ni mtu mmoja tu anayeingia kwangu bila kubisha.

Fundi, mchumba wangu, hakutabasamu. Alifunga mlango akauegemea, mikono ameikunja kifuani. Shati lake jeupe alilonunua kwa ajili ya siku ile lilikuwa bado na mikunjo ya paketi.

"Mama amekwenda wapi?" nilimwuliza. "Nimemtafuta kila mahali. Nilitaka tupige picha."

"Nimempeleka nyumbani. Nimerudi kukuuliza swali moja tu, na nataka nikuulize nikiwa nakuona uso."

Alisema kwa sauti ya chini. Kwa miaka miwili niliyomjua, Fundi akikasirika hupaza sauti, hutupa spana kwenye sanduku, na dakika kumi baadaye anauliza kama kuna chai. Mchana ule alikuwa mtulivu kama mtu anayesoma barua, nikajua hapa pana jambo.

"Ngazi sabini na nne," alisema. "Umezitoa wapi?"

Ili mnielewe, kwanza niwaambie kazi yangu. Mimi ni mwanasaikolojia wa mahakamani. Mtoto akichoma nyumba moto, au akimchoma mtu kisu, hakimu wa watoto kabla hajaamua huniita nikakae na mtoto huyo, kisha nimwandikie yaliyompata mpaka akafika hapo. Nimefanya hivyo miaka kumi na mitano. Chuoni nafundisha na kuandika juu ya hayo hayo, kiwewe na watoto waliovunja sheria, na asubuhi ile nilitoa mhadhara ambao ungenifanya niwe profesa. Kamati ilikuwa ikae Alhamisi.

Mama yake Fundi nilimketisha mstari wa mbele kwa makusudi, kwa sababu hakunitaka. Alikwishamwambia mwanawe kwamba mwanamke anayeshinda akichokonoa siri za watoto wa watu ataigeuza nyumba yake iwe uwanja wa mpira, kila mtu anatazama. Kwetu nako hakukuwa na nafuu. Dada yangu alikuwa hajachoka kuuliza kama madaktari wa chuo kizima waliniishia, hata nikaangukia kwa fundi lifti. Basi nikasema, acha huyu mama aje anione kazini, anisikie, pengine roho yake italainika. Nikamtumia gari limchukue.

Mhadhara ulimhusu mtoto mmoja. Nilimwita Mtoto wa Saba. Nilisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimfungia kwa nje, ghorofa ya juu kabisa, anapokwenda zamu ya usiku, na jinsi mtoto alivyokaa macho mpaka alfajiri akisubiri kusikia hatua zake. Alizijua ngazi za jengo, sabini na nne. Alizihesabu hatua zikipanda, na zikifika sabini na nne ndipo alipoamini kwamba bado ana mama. Kile alichofanyiwa nilikiita utelekezaji. Alipofika miaka kumi na minne mtoto huyo alimchoma mjomba wake kisu, na mimi nilieleza ukumbi mzima namna usiku ule wa kufungiwa ulivyomfikisha kwenye kisu. Profesa mmoja wa mstari wa pili alivua miwani akafuta macho. Mungu anisamehe, nilijisikia raha.

"Ni kesi, Fundi," nilimjibu. "Ni mojawapo ya kesi zangu."

"Kesi ya nani?"

"Unajua siwezi kukwambia ya nani."

"Basi nitakwambia mimi. Jengo letu lilikuwa na ngazi sabini na nne. Mama alikuwa chumba cha kufulia hospitalini, zamu ya usiku. Alinifungia kwa nje, nikiwa na miaka saba. Haya yote nilikueleza jikoni kwako, wewe unamenya vitunguu. Ukaacha kumenya. Nakumbuka nilisema moyoni, huyu anayenisikiliza si daktari, ni mpenzi wangu."

Mtu mwenye busara angeketi hapo hapo akasema nisamehe. Mimi si mtu huyo. Nina hasira za karibu, na nikibanwa huwa nauma kwanza halafu nafikiri baadaye. Nilimwambia asijione yeye ndiye mtoto pekee duniani aliyewahi kufungiwa mlango. Nilimwambia kwenye kabati lile pale ninao thelathini, na kila mmoja angeweza kusimama akadai nimemsema yeye. Niliyasema kwa ile sauti ninayomjibia wakili msumbufu, na nilijisikia nikiyasema.

"Thelathini," alirudia Fundi. "Wenye ngazi sabini na nne ni wangapi?"

Nikanyamaza.

"Na usininyamazie. Naijua hiyo. Unanyamaza ili mtu aendelee kujimwaga mwenyewe. Mimi si mtoto wa mahabusu, usinifanyie kazi yako."

"Sifanyi kazi. Nimekosa la kusema."

"Basi fungua kabati."

Nililifungua. Nililifungua kwa hasira, funguo zikaanguka mara mbili, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba jalada lingenitetea. Sikumwonyesha, nisingeweza, lakini nilisimama nimempa mgongo nikasoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Huyo Mtoto wa Saba alikuwa msichana. Hakukuwa na ghorofa wala ngazi. Alikuwa akilala peke yake chumba cha nyuma cha saluni, mama yake akiwa safarini, na mlango wa chumba hicho ulikuwa haufungiki. Komeo lilikuwa limeng'oka. Alikaa macho kwa sababu mtu yeyote angeweza kuingia, na mtu aliingia.

Kwetu kuna utaratibu. Mtoto wa mahakamani hatajwi, kwa hiyo ukitaka kuandika habari zake lazima umfiche. Wa kike unamfanya wa kiume, saluni unaifanya karakana, unabadilisha kila kinachoweza kumtambulisha. Sisi tunaita kumvisha mtoto. Wanafunzi wangu nawafundisha mwaka wa kwanza kwamba unaweza kumvisha chochote, ila usiguse kile kilichomwumiza, na nguo unazomvisha zisiwe za mtu mwingine aliye hai. Nilikaa kwenye meza ile ile usiku mmoja, nimechoka, natafuta mahali pa kumficha msichana yule, na picha ya ghorofa ikanijia nzuri, imekamilika, na ngazi zake zimeshahesabiwa. Nikadhani nimeibuni mwenyewe. Hata nilijisifu, na kadiri nilivyoirudia nikaanza kuamini kwamba ilikuwa jaladani.

Sikuwa nimebuni kitu. Msichana wa mlango usiofungika nilimvisha nguo za mwanaume ninayempenda, nikamweka nyuma ya mlango uliofungwa, kisha nikawaeleza maprofesa kwamba kufungwa ndiko kulikomponza.

Nilimweleza Fundi kadiri nilivyoweza bila kumtaja msichana. Nilimwambia sikujua. Niliapa.

"Nakuamini," alisema. "Na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Ungeiba kwa kujua, ningejua pia siku ukiacha. Sasa nitajuaje? Nikikwambia ninavyoota, nikikwambia ninavyoogopa kuwa baba, vinakwenda wapi?"

"Vinakaa kwangu."

"Hizi hazikukaa."

Alikuwa amesogea karibu, nikasikia harufu ya sabuni yake na ile ya grisi ambayo haitoki hata akivaa shati jipya. Nilitamani kuweka paji la uso kifuani pake. Nilikuwa nimemkosea, nilikuwa nimemkasirikia, na bado nilitamani, na kutamani huko kukanizidishia hasira. Macho yake, ambayo kwa kawaida hucheka kabla ya mdomo, yalikuwa mekundu.

"Hujui baya lenyewe," alisema. "Kila asubuhi mama alikuwa akifungua mlango ananiuliza, umelala? Nami namwambia nimelala, mama. Kila siku, miaka mitatu. Nisingemwambia hivyo asingepata usingizi wa mchana, na asipolala mchana, usiku angeanguka kwenye mashine. Mpaka leo asubuhi mama yangu alikuwa anaamini nililala. Amejua kwa spika, katikati ya watu mia mbili, na watu wakapiga makofi. Umemvua nguo mama yangu, Daktari."

Amezoea kuniita Daktari kwa utani, wakati wa kuomba chumvi au kunibusu. Mara hii lilitoka kama cheo.

Nilimjibu vibaya. Nilisema na yeye je, miaka thelathini anamficha mama mzazi jambo kama hilo, asinitupie mimi mzigo wote. Akafungua mlango. Nilimwuliza habari za harusi. Alisema nisimwulize harusi leo, akaondoka kwa ngazi, yeye anayeitengeneza lifti ya jengo lile kila mwezi.

Mkuu wa idara nilimfuata mwenyewe. Ni mzee mpole, alinifundisha tangu shahada ya kwanza, na aliponiona nimevurugika alinivutia kiti. Nilimweleza kwamba nataka makala ya mhadhara ule, iliyokuwa tayari kwa mhariri wa jarida, isichapwe, na mhadhara ufutwe kwenye kumbukumbu. Akanieleza taratibu kwa nini nisithubutu. Hakuna anayejua, alisema, isipokuwa watu wawili ambao hawatasema. Nikiondoa makala, jarida litadai sababu. Nikitoa sababu yote, nitakuwa nimemwanika mama yule mara ya pili, tena kwa maandishi. Nikiitoa nusu, watasema nilitunga mtoto, na mtu anayetunga watoto hapewi uprofesa, na mahakimu nao wataanza kuzitilia shaka ripoti zangu. Alikuwa sahihi kila alipogusa, na kila alivyokuwa sahihi ndivyo nilivyozidi kupanda mori. Nilimwuliza kama angeniambia hivyo endapo yule mama angekuwa wake. Akaangalia dirishani.

Nilirudi ofisini nikaandika mistari mitatu. Niliandika kwamba kesi hiyo niliibadilisha kupita kiasi kinachokubalika, kwamba hoja iliyojengwa juu yake haina msingi, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nikaituma kwa mhariri na kwa kamati kwa pamoja, nikavua joho, nikaenda.

Mama yake Fundi siku hizi anakaa nyumba ya chini, vyumba viwili na kibaraza. Mwanawe ndiye aliyemhamisha alipoanza kupata mshahara. Fundi alinifungulia mlango, akasita kidogo, kisha akanipisha. Mama alikuwa mezani, bado amevaa zile nguo za kuja kunisikiliza, mkoba mapajani kama mtu aliye stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Nilimwomba radhi, nikamweleza nilivyokosea, nikamwonyesha na barua kwenye simu. Aliisoma yote, anasogeza simu mbali na macho, kisha akairudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Hii umewaandikia wa chuoni," alisema. "Mimi sijakudai barua."

"Nimetaka ujue kwamba nimeifuta, mama."

"Umeifuta kwao. Mimi uliyonisomea ninayo hapa." Aliugonga ubavu wake. "Nikuulize. Yule mtoto aliyemchoma mjomba wake kisu, ulikaa naye siku ngapi?"

"Siku kumi na moja."

"Unamwuliza kwa nini amefanya."

"Ndiyo, mama."

"Kwa upole, bila kumgombeza."

"Ndiyo."

"Basi mimi sijamchoma mtu kisu. Umesimama pale juu, umesema mama huyu alimtelekeza mwanawe. Mimi uliniuliza kwa nini siku gani?"

Nimehojiwa na mawakili wakali, wengine wamenitukana kwa adabu mbele ya hakimu, na sijawahi kukosa jibu. Hapo nilikuwa na jibu moja tu.

"Sikukuuliza, mama."

"Hukuniuliza. Mwenye kisu unamwuliza, mimi umenihukumu tu." Akaukaza mkoba mapajani. "Halafu unataka nikukabidhi kijana wangu."

Fundi alisogea akasema mama, basi. Hapo ndipo hasira yake ilipomgeukia yeye. Alijizungusha kwenye kiti mpaka wakatazamana.

"Na wewe. Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala, mama."

"Usiku ule nilipokuacha."

"Nilikuwa nalala. Labda mara moja moja tu nilikuwa nashtuka. Haya mengine ni mambo ya kwenye makaratasi, yanaongezwa chumvi."

Alisema huku akitabasamu. Niliuona uongo ule wote, namna ulivyomkaza bega la kushoto, namna alivyotangulia kujibu kabla swali halijaisha. Mama naye hakuwa mjinga. Alinigeukia mimi.

"Daktari. Nasikia mahakamani ukisema huyu anadanganya na huyu hadanganyi, hakimu anaandika. Haya, niambie. Huyu anadanganya?"

Fundi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda. Ilikuwa ni kuniomba na kunionya kwa pamoja, na ndani yake kulikuwa na swali lake la ofisini, kwamba vitu anavyonipa vinakwenda wapi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nimelipwa maisha yangu yote kulitoa. Na mama alikuwa na haki ya kulijua kuliko mahakama yoyote.

"Sina la kusema hapa, mama," nilisema. "Mwenyewe yupo, siwezi kumsemea."

"Unajua, hutaki kusema."

"Si langu kulisema. La ngazi pia halikuwa langu."

Alinikodolea macho. Nilidhani atanifukuza. Nilisikia Fundi akivuta pumzi.

"Nilikuwa macho," alisema.

Mama hakugeuka.

"Kila usiku, mama. Nilikuwa nasikia unavyoshuka, halafu nakaa mlangoni mpaka unaporudi. Ukikaribia nakimbilia kitandani. Nilikuwa nakudanganya."

Mama alipiga meza kwa kiganja, simu yangu ikaanguka sakafuni. "Na mimi nikawa nalala," alisema. "Mchana kutwa nalala fofofo, namshukuru Mungu kwamba mtoto wangu hana tabu, kumbe mtoto mwenyewe ananilea." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikuwa amekasirika mno kuyashughulikia. "Miaka yote hii unanionea huruma, na hata wewe hujawahi kuniuliza kwa nini niliufunga ule mlango. Sasa utakaa hapo, utanisikiliza."

Fundi akakaa. Mama aliokota simu yangu, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akanipa bila kunitazama.

"Wewe toka nje," alisema. "Utaitwa."

Nilitoka. Fundi alinifuata mpaka mlangoni, akasimama nusu ndani nusu nje, kitasa mkononi. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilihesabu kope zake zilizolowa.

"Bado nina hasira na wewe," alisema polepole.

"Naziona. Na mimi ninazo."

"Nakupenda vile vile. Hiyo nayo inaniudhi."

"Nitakwenda, kama unataka."

"Sijasema uende. Mama amesema utaitwa." Alinigusa kidogo kwenye kiwiko, kwa vidole viwili, akaurudisha mlango.

Kibarazani palikuwa na benchi, na juu ya benchi dirisha, na dirisha lilikuwa wazi nusu. Niliketi. Sikutega sikio, sikuhitaji, sauti ya mama ilikuwa inanifikia kama ya mtu aliyeketi ubavuni kwangu. "Mwaka ule tulipohamia pale," alianza, "ghorofa ya tatu alikuwa anakaa mtu mmoja."

Kwa kusikiliza ndipo nilipopata kazi, jina, na kile cheo ambacho sasa kimeniponyoka. Nilijua sentensi mbili zaidi zingenitosha, na kwamba kichwa changu kingezihifadhi salama, kisha siku moja kizitoe bila kuniuliza. Ndani, Fundi aliuliza kitu kwa sauti ya mtoto. Mama akavuta pumzi amjibu. Nikainuka haraka, nikashuka kibarazani, nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili kwenye kelele za magari, mahali ambapo nisingesikia hata neno moja.